Maji ya Kisima na Mtoto Mchanga

Mama mpendwa, kila siku kliniki tunasisitiza: chemsheni maji ya kunywa. Ushauri huo ni mzuri, kwani moto huua vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Lakini kuna kitu ambacho moto haukiondoi. Kinaitwa naitreti.

Naitreti hutokana na mbolea ya chumvichumvi, samadi na vyoo vya shimo. Mvua inaponyesha, huyeyuka na kuzama ardhini mpaka kwenye maji ya kisima. Haina rangi wala harufu. Tena ukichemsha, maji hupungua kwa mvuke nayo hubaki, hivyo huzidi kuwa nyingi katika kila kikombe.

Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa jimbo la Iowa, Marekani, aliandika habari za watoto wachanga wawili wa mashambani waliogeuka rangi ya bluu. Walikuwa wakinyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya kisima. Tumboni mwa mtoto mchanga naitreti hugeuzwa kuwa sumu inayoizuia damu kubeba oksijeni. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miezi 6. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji.

Basi tufanye nini? Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, hadi atimize miezi 6. Hata kama wewe unakunywa maji ya kisima hicho, endelea kumnyonyesha. Maziwa yako ni salama kwake. Anayelazimika kutumia maziwa ya kopo, ayachanganye na maji ya chanzo kilichopimwa, kisha yakachemshwa. Kisima kichimbwe mbali na choo na zizi, upande wa juu wa mteremko, na kifunikwe. Akina mama mnaotumia kisima kimoja, iombeni ofisi ya maji ya wilaya iwapimie.

Mtazame mwanao midomo, ulimi na kucha. Vikiwa vya bluu au kijivu, mkimbize hospitali, na umweleze muuguzi alikunywa maji gani. Dawa ipo, ila tusichelewe.

Endelea kuchemsha maji, mama. Lakini kabla hujamtilia mtoto mchanga kikombeni, uliza kwanza yametoka wapi.