WAKATI WA VITA BUNGE HUFANYA KAZI GANI?



Katika mkutano wa tawi uliopita ndugu mmoja alisimama akasema ya kuwa chama cha wafanyakazi kina kazi ya mishahara, saa za kazi na viatu vya kazini, na kwamba mambo ya vita na mambo ya Bunge tuwaachie wenyewe. Wengine walimpigia makofi. Hatumlaumu ndugu huyo, maana maneno yake ndiyo tuliyofundishwa tangu zamani za Gavana. Lakini hatukubaliani naye hata kidogo, na leo twataka kumjibu.

Watu wengi hudhani ya kuwa nchi ikiingia vitani Bunge huacha shughuli zake zote likashika habari za bunduki. Sivyo. Wakati wa vita dua huombwa kama kawaida, Spika huketi kitini, maswali huulizwa, makadirio ya fedha hupitishwa, na miswada husomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Bunduki hulia mbali, karatasi hupita karibu. Na mfanyakazi, ambaye masikio yake yote yako kwenye redio kusikiliza nani amepigwa wapi, hajui karatasi gani imepita mpaka siku inapomkuta kwenye lango la kiwanda.

Zamani za ukoloni jambo hili lilikuwa wazi. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Baring hakuhitaji kura ya Mwafrika yeyote. Katika Baraza la Kutunga Sheria walikuwamo Waafrika 6 tu, wala hawakuchaguliwa na watu. Bwawa hili la Nairobi tunaloliona hapa chini lilijengwa 1953, hali ya hatari imepamba moto. Mwaka 1954, mwaka ule ule ambao askari waliuzingira mji wa Nairobi tarehe 24 Aprili na kuwapeleka watu zaidi ya 20,000 kizuizini, viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakiwamo, Kamati ya Carpenter ilitoa taarifa yake ya mishahara. Ilisema ya kuwa karibu nusu ya wafanyakazi wa makampuni ya watu binafsi mijini walilipwa mshahara usiotosha kumtunza mtu kwa afya na heshima. Taarifa hiyo wangeijadili nani? Waliohusika nayo walikuwa nyuma ya seng'enge.

Basi watu watasema, huyo alikuwa mkoloni. Haya, na tuje kwa wenyewe.

Desemba 1963, siku chache tu baada ya bendera kupandishwa, Serikali yetu ilitangaza hali ya hatari katika Kaskazini Mashariki kwa sababu ya mashifta. Wasomali wengi wa huko walitaka kuungana na Somalia, na Serikali ikakataa kutoa hata shubiri moja ya ardhi. Hapa hatubishani juu ya mpaka. Twauliza tu, katika vita vile vya karibu miaka 4, Bunge letu wenyewe lilifanya nini?

Lilifanya kazi nyingi, na lilifanya kwa Kiingereza. Baraza la Wawakilishi na Seneti havikuruhusu lugha nyingine, na Kiswahili hakikuingia Bungeni mpaka 1974. Mpishi, topasi, askari wa usiku na kuli wa Kibera walikuwa na wabunge wao waliowapigia kura, lakini hata wangepanda kule juu kwenye viti vya wageni wangerudi nyumbani hawakuambulia neno. Juu ya mlango wa jengo lile yameandikwa, pia kwa Kiingereza, maneno ya ustawi wa jamii na ya serikali ya haki.

Mwaka 1965, macho ya nchi yakiwa Garissa na Wajir, ilipita Sheria ya Migogoro ya Kazi, iliyompa Waziri uwezo wa kutangaza mgomo kuwa haramu. Mwaka huo huo vyama vilikusanywa chini ya COTU, na Katibu Mkuu wake akawa ni mtu wa kuteuliwa na Rais katika majina yaliyopelekwa kwake. Hatusemi ya kuwa mashifta ndio waliosababisha hayo. Twasema ya kuwa nchi iliyozoea kuambiwa "tuko vitani, tushikamane" hupitisha mambo kama hayo bila kelele nyingi.

Kisha ukaja 1966. Katiba ya uhuru ilikuwa imeweka masharti magumu kabla Serikali haijapata mamlaka ya hali ya hatari, na wabunge wengi mno walitakiwa waridhie. Katika mabadiliko ya mwaka huo masharti hayo yalilegezwa, na uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumpeleka mahakamani ukatiwa nguvu. Mswada ulipita upesi, kama mswada mwingine wowote wa kila siku. Kabla mwaka haujaisha Ochola Mak'Anyengo, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mafuta, akatiwa kizuizini. Wakubwa wamtaje basi, bunduki aliishika wapi? Ng'ombe wa nani aliiba huko Mandera? Kosa lake lilikuwa kwamba alikuwa upande wa upinzani na wafanyakazi walimsikiliza.

Hili ndilo jambo tunalotaka ndugu yetu wa mkutanoni alifikirie vizuri. Mkononi mwa mwenye mamlaka sheria ya wakati wa vita haichagui adui kwa ramani. Na tena haifi vita vinapokufa. Kenya na Somalia zilipatana Arusha Oktoba 1967. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa Serikali wasishtakiwe kwa yale waliyoyatenda huko kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967, kana kwamba ngamia waliochukuliwa na watu waliouawa ni hesabu ya kufutwa ubaoni. Na sheria za hali ya hatari zenyewe zilikaa mpaka 1991, miaka 24 baada ya amani! Katika miaka hiyo ndimo watu walipouawa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984.

Tusidhani ya kuwa hayo ni ya wazee. Oktoba 2011 jeshi letu liliingia Somalia, na Bunge likaja kuombwa idhini ya kujiunga na jeshi la Umoja wa Afrika mwezi Desemba, vijana wetu wakiwa wamekwisha kufa huko. Tarehe 22 Novemba 2014 watu 28 walishushwa katika basi karibu na Mandera wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizo. Tarehe 2 Desemba wachimba mawe 36 wakauawa huko huko. Wote hao ni wafanyakazi, wenzetu kabisa, waliofuata mshahara mahali ambapo hawakulindwa. Bunge likawapa jibu gani? Halikuwapa ulinzi wala fidia iliyo wazi. Lilileta mswada wa usalama, likaupitisha tarehe 18 Desemba kwa zogo, karatasi zikichanwa na maji yakimwagwa, na kesho yake ukatiwa sahihi. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu 8 vya sheria hiyo kwa kuwa vilivunja Katiba. Jina la mchimba mawe lilitumika kupitisha mambo ambayo mchimba mawe hakuyaomba.

Sisi si wapinzani wa jeshi. Hapa Kibera palianza kwa askari wa KAR kupewa mahali pa kukaa, na wajukuu wao walihangaikia hati za ardhi kwa miaka mingi. Twajua askari hulipwa nini vita vikiisha. Ndiyo sababu twataka Bunge liulize maswali vita vikiwa bado vinaendelea.

Katiba ya 2010 imetupa silaha ambayo wazee wetu wa 1966 hawakuwa nayo. Hali ya hatari ikitangazwa haiwezi kupita siku 14 bila Bunge la Taifa kuiongeza kwa thuluthi mbili ya wabunge wote, na kuongezwa tena hutaka robo tatu. Haki ya mgomo na ya chama imeandikwa humo. Bunge hufanya mambo yake wazi, Kiswahili kinasemwa, na mlango wa wageni haufungwi ila kwa sababu maalumu. Mbona basi hatuendi?

Tawi limekata shauri. Kila Bunge linapokuwa na vikao, siku za Jumanne, Jumatano na Alhamisi, tutapeleka wanachama 2 walio na zamu ya usiku au wasio na kazi siku hiyo, wakae, wasikilize, na wachukue orodha ya shughuli. Nauli italipwa na mfuko wa tawi. Jumapili orodha itasomwa kwa Kiswahili mbele ya wote, na penye mswada unaogusa usalama au kazi tutamwandikia Mbunge wa Kibra na kumwuliza atapiga kura gani. Wanaotaka kwenda wampe Katibu majina yao kabla ya Ijumaa, na siku ya kwenda wasisahau vitambulisho.