Kurudishiwa nauli si kulipwa fidia

Ndugu Mhariri,

Nilituma samaki aina ya mbasa kwenye barafu kwa basi kutoka Kyela kwenda Mbeya. Mzigo uliachwa stendi hadi samaki wakaoza. Wahusika wa basi hilo wakanirudishia nauli ya mzigo na kusema hiyo ndiyo fidia.

Hapana! Nauli ni fedha yangu, niliyolipia huduma nisiyoipata. Samaki walioharibika, na mteja aliyenikimbia, nani anawalipia? Hata kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, mtu anapotwaliwa ardhi, fidia inahesabu pia usumbufu, usafiri na faida iliyopotea.

Naiomba Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) itueleze sisi wenye mizigo: hasara kama hii tuidai wapi, na kwa ushahidi gani?

Msomaji wenu,
Ikolo, Kyela