Changarawe Si Aibu



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe fikira zangu juu ya jambo linalozungumzwa sana bwenini kila turudipo kutoka likizo, yaani barabara. Kila mwenzetu hupenda kusifu kwao kwa lami. Yule ambaye lami imepita mlangoni pake hujiona ametoka mjini, na yule wa changarawe hukaa kimya, au hucheka pamoja na wanaomcheka. Mimi kwetu ni upande wa mashamba ya zabibu, Dodoma, nami nasema wazi kwamba sioni aibu kwa changarawe. Naona aibu kwa changarawe isiyotunzwa. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na watu wengi huyachanganya.

Ili nisidhaniwe kuwa najitetea tu, nitaanza mbali. Huko Italia, katika mkoa wa Toscana, kusini ya mji wa Siena, liko bonde la mto Orcia. Mto wenyewe si mkubwa, nao huishia katika mto mwingine uitwao Ombrone. Lakini bonde lake ni zuri mno, hata mwaka 2004 UNESCO ililiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Vilima vyake ni vya mviringo, vimelimwa ngano, mizeituni na mizabibu, na kando ya njia imepandwa misaipresi, miti mirefu myembamba iliyosimama kama mikuki. Juu ya kilima kimoja uko mji wa Montalcino, utokako mvinyo wa Brunello. Kwa sheria, mvinyo huo hauuzwi mpaka tarehe 1 Januari ya mwaka wa tano baada ya mwaka wa mavuno. (Sisi tunaotaka fedha ya zabibu kabla ya Ijumaa, sijui tungeweza!) Na njia nyingi zinazopita katikati ya mashamba hayo hazina lami. Ni za changarawe nyeupe, na wenyeji huziita strade bianche, maana yake barabara nyeupe.

Sasa, kwa nini nchi yenye mali kama Italia ibaki na barabara za vumbi? Msomaji atadhani ziliachwa kwa ajili ya uzuri. Sivyo. Zilibaki kwa umaskini. Zamani wakulima wa Toscana wengi hawakuwa na mashamba yao wenyewe. Walilima shamba la bwana na kugawana naye mavuno nusu kwa nusu. Mwaka 1964 serikali ilitoa sheria ya kukataza mapatano mapya ya namna hiyo, lakini hata kabla ya hapo vijana walikuwa wamekwisha anza kukimbilia viwanda vya mijini. Nyumba nyingi za mawe zikabaki tupu. Nani angetia lami njia ya kwenda kwenye nyumba isiyo na mtu? Ndivyo changarawe ilivyosalimika.

Baadaye watu walipoanza kurudi na fedha ikaonekana, lami nayo ilianza kuzifuata njia zile. Hapo ndipo alipotokea Bwana Giancarlo Brocci wa Gaiole in Chianti, kaskazini kidogo ya Siena. Mwaka 1997 yeye na wenzake waliandaa safari ya baiskeli iitwayo L'Eroica, na shabaha yao ilikuwa kuziokoa barabara nyeupe. Mwaka ule walifika waendeshaji 92 tu. Siku hizi huja maelfu kutoka nchi nyingi, kila mwanzo wa Oktoba, wakati zabibu zinapovunwa. Sharti lao lafurahisha: baiskeli iwe ya kizamani, iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1987. Njia yao kubwa ni ya kilomita 209, inapita Siena na Montalcino, nayo imewekewa alama, hata mgeni akija mwezi wowote aweza kuifuata peke yake. Mwaka 2007 yalianza mashindano ya mabingwa wa dunia juu ya changarawe hiyo hiyo, nayo yanaitwa Strade Bianche. Na mwaka 2010 mbio kubwa za kuizunguka Italia zilipelekwa Montalcino siku ya mvua. Cadel Evans wa Australia, aliyekuwa bingwa wa dunia, alishinda siku ile akiwa amepakaa tope mwili mzima. Tope lile lile tunalolilaumu sisi!

Neno ninalotaka lisipite bure ni hili. Mtu wa baiskeli si kama mtu wa basi. Basi hupita kijijini kwa dakika mbili na kuacha vumbi. Mtu wa baiskeli huona kiu, huona njaa, huchoka. Hana budi kulala mahali. Hununua maji, mkate, chakula cha jioni na chupa ya mvinyo ya kupelekewa nyumbani. Fedha yake huanguka kijijini penyewe, mikononi mwa mama anayepika na kijana anayeziba pancha.

Mwenzangu mmoja wa kidato chetu, ambaye ni hodari sana wa mijadala, amenipinga kwa maneno makali. Asema Wazungu wanacheza na umaskini wetu: wao wamechoka na lami ndiyo maana wanatafuta vumbi, lakini mama mjamzito wa kijijini hatafuti vumbi, anatafuta hospitali. Sikulidharau neno lake, maana ni la kweli. Baba yangu analima zabibu. Nimepanda juu ya gari lililobeba kreti za zabibu katika njia yenye makorongo, na nimeona tulivyofika huku maji ya zabibu yakichuruzika chini ya gari; mnunuzi alikata bei, na hakuna aliyeweza kumbishia. Kwa hiyo barabara ya kwenda hospitali na barabara ya kwenda sokoni zitiwe lami, hata leo. Mkileta karatasi ya kuomba hivyo nitatia sahihi.

Lakini kati ya barabara hizo kuna njia ndogo nyingi, za kutoka shamba hata shamba na kijiji hata kijiji, ambazo lami haitazifikia katika maisha yetu sisi tulio na miaka kumi na saba. Hizo tutazifanyaje? Tuzinung'unikie mpaka tuzeeke? Nasema tuzitunze kama changarawe, na tuzitumie. Changarawe nzuri haiji yenyewe. Yataka mgongo katikati ili maji yateremke pande zote mbili. Yataka mitaro iliyo wazi na makalavati yasiyozibwa na takataka. Yataka greda ipite na changarawe mpya iongezwe kabla masika hayajaingia, si baada ya daraja kuchukuliwa. Mvua ya kwetu Dodoma ni chache, yatosha msimu mmoja tu, lakini ikinyesha hunyesha kwa hasira, na mtaro mmoja uliozibwa waweza kuharibu njia nzima kwa usiku mmoja. Kazi ya mitaro haihitaji mtaalamu wa kigeni. Yahitaji majembe na siku ya Jumamosi.

Na juu ya mahali, hatuna haja ya kuionea Italia wivu. Mizabibu ya Dodoma ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, pale Bihawana, katika miaka ya 1950. Basi tuseme ni ndugu wa mizabibu ya bonde la Orcia, ila kwao huvunwa mara moja kwa mwaka na kwetu mara mbili. Tunalo bonde la Kinyasungwe, tunalo bwawa la Hombolo, tunayo mashamba ya Makutupora, na mibuyu ambayo misaipresi haiwezi kushindana nayo kwa unene. Asubuhi, kabla jua halijapanda, mtu akipita kwa baiskeli kati ya mizabibu na kusalimiwa "Mbukwa!" kila penye nyumba, sidhani kama atatamani lami.

Wala asiseme mtu kwamba baiskeli za changarawe ni mambo ya Ulaya tu. Jirani zetu wa Kenya walianza Migration Gravel Race mwaka 2021 katika nchi ya Maasai Mara, siku nne, na waendeshaji wa Afrika ya Mashariki wakashindana na wa kutoka ng'ambo. Mmoja wa viongozi wao, marehemu Suleiman Kangangi, alianguka na kufa Agosti 2022 katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Namtaja kwa heshima, na pia ili tusidhani kuwa huu ni mchezo wa watoto. Changarawe ni tulivu kwa anayepanda mlima na hatari kwa anayeteremka. Kofia ngumu ni lazima, na breki zitazamwe kabla ya kuondoka.

Wazazi wengine watauliza: mwanafunzi ana nini na habari za mvinyo? Sheria hainiruhusu kunywa, wala sina haraka nao. Lakini zabibu ndizo zilizoninunulia godoro na sare. Na katika kijiji chetu, asiyekunywa kwa dini au kwa umri anauza na kula zabibu mbichi na zabibu kavu, wala hapungukiwi kitu.

Baiskeli ya kisasa ya changarawe ina tairi pana, hewa kidogo na gia nyepesi za mlimani, nayo ni ya bei kubwa. Hiyo ni ya wageni. Baiskeli ya baba yangu, yenye kreti mbili za zabibu nyuma na mpira wa kufungia, imekuwa baiskeli ya changarawe tangu kabla sijazaliwa, ingawa haijaitwa hivyo na mtu yeyote.

Yanayokosekana si mengi: vibao vya njia, mahali pa kupata maji safi, vyumba vichache vyenye chandarua, na ramani. La ramani laweza kuanzia hapa shuleni. Nimekwisha kumwomba mwalimu wetu wa Jiografia ruhusa ya kutumia ramani zake, naye amekubali kwa sharti kwamba zirudi bila kukunjwa. Likizo ya Juni nitapita njia za kutoka Hombolo mpaka Makutupora, nikiandika kila kisima, kila kalavati lililoziba na kila duka linalouza chai. Najua mtihani wa Novemba unatungoja, kwa hiyo nitachukua siku nne tu. Nahitaji wenzangu wawili. Mwenye baiskeli nzima na pampu anione bweni la tatu baada ya maandalio ya usiku. Viraka na gundi ninavyo.