Akiba ya Krismasi Ukambani na Mtego wa Januari

Kuanzia wiki ya pili ya Disemba, Mwembe Tayari hapa Mombasa hapapitiki. Mabasi ya bara yanapakia magunia ya unga, magodoro na baiskeli za watoto, na nauli inapanda kadiri watu wanavyozidi. Wengi wa abiria hao ni wenzetu Wakamba, majirani zetu wa Changamwe, Mikindani na Likoni, wanaorudi Makueni na Kitui. Sisi Waislamu Krismasi si sikukuu yetu. Lakini wapangaji wetu, mafundi wetu na wateja wa maduka yetu ndio hawa, na kodi ya Januari isipolipwa sababu huwa tunaijua.

Kila ifikapo Septemba huanza mjadala ule ule: pesa za Krismasi ziwekwe wapi? Kwenye chama, kwenye simu, kwenye sako, au kwa mbuzi? Kwa maoni yangu watu wanahangaika na chombo, na tatizo liko kwenye kalenda.

Idi zetu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hivyo humkuta mkulima wakati wa mavuno mwaka huu, na miaka michache baadaye humkuta wakati wa njaa. Krismasi haiondoki tarehe 25 Disemba, na kwa mkulima wa Ukambani hiyo ni tarehe mbaya. Mvua wanayoitegemea zaidi kule ni ya vuli, ya Oktoba hadi Disemba, ambayo wao huiita nthwa. Sikukuu inapofika, mahindi na ndengu bado ziko shambani. Pesa za mbegu na vibarua zimeshatoka, mavuno hayajaingia. Hata embe za Makueni, ambazo msimu wake ndio kwanza unachanganya, nyingi broka amezinunua zikiwa bado mtini, kwa bei anayoitaka yeye kwa kuwa anajua mwenye shamba ana shida. Baadaye tunazikuta Kongowea kwa bei nyingine kabisa. Kisha wiki ya kwanza au ya pili ya Januari shule zinafunguliwa, na karo inadaiwa.

Kwa hali hiyo, mtu akiweka akiba ya Krismasi peke yake hajafanya kitu. Amejichimbia shimo la Januari.

Njia inayotumika zaidi ni chama. Wakamba hawakufundishwa ushirika na mtu: mwethya, yaani kundi la kulimiana na kujengeana, ni la tangu zamani. Leo liko la upatu, ambapo wanachama huchanga na kila mmoja hupokea kwa zamu yake, na liko la kuweka na kukopeshana, ambapo pesa huzungushwa kwa mikopo mwaka mzima halafu Disemba hugawanywa pamoja na faida. Hili la pili linasifiwa sana, na kwa haki. Lakini tazama linavyofungwa. Ili pesa zigawanywe Disemba, mikopo yote lazima irudi Novemba. Mama aliyekopa anatafuta pesa mwezi huo huo wa palizi. Anauza mbuzi haraka haraka, au anakopa kwenye simu ili alipe chama. Wiki tatu baadaye anapokea mgao, analipa deni la simu, na kinachobaki kinaliwa kabla ya mwaka mpya. Kwenye daftari ameweka akiba, na mkononi hana kitu.

Dawa yake haihitaji benki wala serikali. Chama kinaweza kugawa mara mbili: sehemu ndogo katikati ya Disemba, ya chakula na nauli, na sehemu kubwa wiki shule zinapofunguliwa. Mikopo nayo irudi kwa mafungu kuanzia Septemba. Ni kura moja ya kikao.

Mbuzi ni akiba nzuri kuliko wasomi wanavyodhani. Anazaa, na bei yake hupanda Disemba wakati kila mtu anataka nyama. Hatari yake ni ukame. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikatika misimu mitano mfululizo katika kaunti kame za Kenya, na aliyeweka kila kitu kwa mifugo aliona akiba yake ikikonda mbele ya macho yake. Mbuzi wawili watatu, sawa. Karo ya mtoto wa sekondari isiwe kwa mbuzi peke yake.

Simu ina faida moja kubwa, nayo ni kufuli. M-Shwari inakuruhusu kufunga akiba kwa mwezi mmoja hadi sita, na ukiitaka kabla ya siku yake unangoja saa 48. Hizo siku mbili zimeokoa karo nyingi. (Kwa Muislamu kuna suala la riba, na hilo kila mtu amuulize sheikh wake.) Pesa hizo ziko benki, na amana za benki zina bima ya hadi shilingi 500,000. Chama hakina bima hiyo.

Jambo la usalama si la kupuuzwa. Uingereza, nchi ya mabenki, kampuni ya Farepak ilikuwa ikipokea pesa kidogo kidogo mwaka mzima kwa ajili ya vikapu vya Krismasi. Oktoba 2006 ilianguka, na familia zaidi ya 100,000, nyingi za kipato cha chini, zikapoteza akiba yao miezi miwili kabla ya sikukuu. Hapa kwetu, ukaguzi wa hesabu za KUSCCO, muungano wa sako, ulionyesha pengo la shilingi bilioni 13.3. Kwa hivyo mtu akija kijijini na mpango wa Krismasi wenye jina zuri, aulizwe kwanza pesa zinakaa wapi na nani anatia sahihi.

Katika yote, njia ninayoipenda mimi ni ile ya kuchangia ng'ombe. Majirani kumi au ishirini wanachanga kidogo kila wiki, Krismasi wanachinja na kugawana nyama kwa mafungu. Sisi tunaijua vizuri, maana ng'ombe wa udhiya huchangiwa na watu saba. Uzuri wake ni kwamba sikukuu imeshalipiwa mapema, kwa kiwango kinachojulikana, na pesa nyingine haina sababu ya kuguswa.

Na sisi wenye nyumba na maduka tuna la kufanya. Mpangaji akileta mia mbili mia tatu kuanzia Oktoba kwa kodi ya Januari, tuzipokee na tumwandikie risiti. Wengi wetu tunamwambia alete zikitimia.