Daktari wa Ravensbrück aliyerudi kutibu familia

Ukurasa huu hupenda kumsifu mwanamke kwa huruma yake, na mimi ni mmoja wa wanaofanya hivyo kila nikiandika kuhusu wauguzi na wakunga. Wiki hii naomba tumtazame mwanamke mwingine, tena msomi wa tiba, ambaye alipofikishwa mahakamani aliutumia uanamke wake kujitetea.

Ni Herta Oberheuser, Mjerumani, daktari wa magonjwa ya ngozi. Alifanya kazi Ravensbrück, kaskazini mwa Berlin, kambi ya wafungwa wanawake ambayo Wanazi waliifungua mwaka 1939. Hakuna aliyemshikia bunduki. Aliona tangazo la kazi, akaomba. Walinzi wa kike wengi waliingia kambini vivyo hivyo, kwa sababu mshahara ulizidi ule wa kiwandani, na sare na nyumba vilitolewa. (Nyumba hizo zipo mpaka leo, sasa ni hosteli ya vijana.) Mmoja wao, Irma Grese, alitamani kuwa muuguzi na aliwahi kuwa msaidizi katika hospitali ya Hohenlychen, si mbali na kambi. Waingereza walimnyonga Desemba 1945, akiwa na miaka 22.

Mkuu wa Hohenlychen alikuwa daktari wa upasuaji, Karl Gebhardt. Juni 1942 kiongozi wa Kinazi Reinhard Heydrich alikufa Prague kwa majeraha yaliyooza baada ya kushambuliwa, na Gebhardt akalaumiwa kwamba hakumpa dawa za salfa vya kutosha. Ili ajisafishe, ilibidi aonyeshe kwamba dawa hizo zisingemwokoa. Hapo ndipo wanawake 74 kutoka Poland, wengi wao vijana, walipopasuliwa miguu wakiwa wazima wa afya, na majeraha yao yakatiwa bakteria, vipande vya mbao na vioo. Kambini waliitwa sungura, maana walitumiwa kama sungura wa maabara, na waliopona walitembea kwa kurukaruka. Watano walikufa kutokana na majaribio hayo. Sita walipigwa risasi vidonda vikiwa bado vibichi.

Oberheuser alisaidia kuwachagua, na yeye ndiye aliyekuwa na jukumu la kuwatunza baada ya upasuaji. Kwangu mimi hilo ndilo zito kuliko yote, kwa sababu mgonjwa mwenye maumivu humtazama anayeingia wodini kwa matumaini.

Kesi ya madaktari ilianza Nuremberg Desemba 1946 ikiwa na washtakiwa 23, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Jadwiga Dzido, mmoja wa wale sungura, alisimama mbele ya majaji akaonyesha makovu ya mguu wake. Oberheuser alijitetea kwamba, akiwa mwanamke katika mazingira magumu, alifanya kadiri alivyoweza. Majaji hawakukubali. Gebhardt alinyongwa, yeye akapewa miaka 20. Katika hukumu hiyohiyo ya Agosti 1947 yaliandikwa masharti ya utafiti wa tiba, na la kwanza ni ridhaa ya hiari ya anayefanyiwa. Ukiombwa kushiriki majaribio ya dawa au chanjo, fomu utakayopewa kusaini ina mizizi yake pale.

Kifungo kilipunguzwa hadi miaka 10, na mwaka 1952 akaachiwa. Akafungua kliniki katika kijiji cha Stocksee, akawa daktari wa familia, kina mama wakimpelekea watoto. Hakuwa peke yake kupata maisha mapya. Hermine Braunsteiner, mlinzi wa Ravensbrück na Majdanek, aliolewa na Mmarekani akaishi New York. Mwandishi wa gazeti alipobisha hodi mwaka 1964, mume alishangaa, akasema mkewe hawezi kumuumiza hata nzi. Mwaka 1981 mahakama ya Düsseldorf ilimhukumu mke huyo kifungo cha maisha.

Oberheuser alitambuliwa mwaka 1956 na mwanamke aliyenusurika Ravensbrück. Madaktari, wakiwemo wa Uingereza, walipiga kelele, na mwaka 1958 akanyang'anywa leseni. Alikata rufaa ili arudi kutibu. Alishindwa, na alifariki mwaka 1978.