Kujinyima chakula si ‘ugonjwa wa wazungu’

KATIKA jamii nyingi za Kenya, anayeambiwa kuwa amenenepa huichukua kauli hiyo kuwa sifa. Mwili uliojaa ni ishara ya afya na riziki ya kutosha. Kukonda nako, hasa katika miaka ya 1990 Ukimwi ulipokuwa ukiangamiza wengi, kulizua minong’ono.

Kutokana na mtazamo huo, wazazi na walimu wengi huamini kuwa msichana wa Kiafrika hawezi kukataa chakula kwa hofu ya kunenepa. Anoreksia, maradhi ambapo mgonjwa hujinyima chakula hadi akadhoofika, na bulimia, ambapo hula kupita kiasi kisha akajitapisha, huitwa magonjwa ya wazungu.

Imani hiyo ina chembe ya ukweli. Mnamo 1994, Adrian Furnham na Peter Baguma walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi wa Uganda na wa Uingereza. Walipoonyeshwa michoro ya miili ya unene tofauti, wanafunzi wa Uganda waliipendelea ile minene kuliko wenzao wa Uingereza.

Je, kinga hiyo hurithiwa kama damu? Utafiti mwingine wa Furnham, aliouchapisha na Naznin Alibhai mnamo 1983, unaonyesha sivyo. Wanawake wenye asili ya Asia walioishi Kenya waliisifu miili minene. Wenzao wa asili hiyo hiyo waliohamia Uingereza walikuwa na maoni yaliyokaribiana na ya Waingereza weupe.

Isitoshe, si lazima mtu ahame ndipo abadilike. Katika visiwa vya Fiji, ambako mwili mkubwa uliheshimiwa na mtu aliyekonda alizua wasiwasi kwa jamaa zake, televisheni ilifika eneo la Nadroga mwaka wa 1995. Mtafiti Anne Becker wa Marekani aliwahoji wasichana wa shule za upili majuma machache baadaye, kisha akarejea mwaka wa 1998 kuwahoji wengine wa umri huo.

Mwaka wa 1995, asilimia 12.7 walikuwa na alama zinazoashiria hatari ya maradhi hayo. Mwaka wa 1998, idadi hiyo ilikuwa asilimia 29.2. Awali hakuna aliyesema alijitapisha ili kupunguza uzani. Miaka mitatu baadaye, asilimia 11.3 walikiri kufanya hivyo. Baadhi walieleza kuwa wembamba ungewasaidia kupata kazi.

Ikiwa televisheni iliambatana na mabadiliko hayo kwa miaka mitatu pekee, hatuna budi kujiuliza kuhusu simu, ambayo humletea mwanafunzi picha za miili iliyorekebishwa kwa programu mchana na usiku.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Nchini Afrika Kusini, utafiti wa Daniel le Grange na wenzake uliochapishwa mwaka wa 1998 uligundua kuwa wanafunzi weusi wa vyuo walipata alama za juu za hatari. Mahojiano ya kina na vijana weusi maskini, yaliyochapishwa mwaka wa 2004, yalionyesha kuwa baadhi ya majibu yaliyofanana na dalili za maradhi yalitokana na njaa na umaskini. Anayewaza chakula kutwa nzima huenda hana cha kula. Hivyo basi, maswali yaliyotungwa ng’ambo hayafai kutumiwa hapa bila kupimwa upya.

Lakini tahadhari hiyo isiwe kisingizio cha kufumba macho. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Kujitapisha mara kwa mara nako hupunguza madini ya potasiamu mwilini, na moyo unaweza kusimama ghafla.

Katika shule ya bweni, msichana anayetapika kila baada ya mlo huenda akadhaniwa ana vidonda vya tumbo au mimba. Anayempa mwenzake sahani yake ya githeri kila siku huenda akasifiwa kwa ukarimu. Mwalimu anayeamini kuwa maradhi haya hayawafikii Waafrika hatamuuliza yeyote kati yao swali la pili.

Dalili ya mvua ni mawingu. Walimu, wauguzi wa shule na wazazi wafunzwe kuzitambua dalili hizi mapema, na mwanafunzi anayejichukia mwili asikilizwe badala ya kuchekwa. Utamaduni wa kuusifu mwili uliojaa ni ngao nzuri, ila humlinda yule tu ambaye bado anauamini.