Video 14 Haziwezi Kukufunza Kazi

Wasee, wacha niseme hii kitu na mtu asikasirike.

Nilipoacha chuo, nilipata kazi ya kupokea simu za wateja kwa kampuni moja kubwa, ile iko na ofisi karibu kila bara. Mafunzo? Video 14 na maswali ya kuchagua jibu. Nilibonyeza "endelea" mpaka kidole kikachoka. Siku mbili tu, cheti mkononi, alama 96. Siku ya tatu mteja akapiga akilia, pesa zake zimekatwa mara mbili. Nilinyamaza kama mtu ameitwa ubaoni na hajui hesabu. Hakuna video ilinionyesha mtu akilia.

Tulianza tukiwa 9. Mwezi ukiisha, watatu wakafutwa, eti alama zao kwa simu ni duni. Mmoja alikuwa analipia mdogo wake karo. Sasa hapo nani alifeli? Yeye ama mafunzo?

Sisemi video ni mbaya. Mimi mwenyewe nakula kwa sababu ya video! Msee wa Nairobi na wa Manila wanapata somo moja, na ukikosa kushika unarudia usiku. Lakini hiyo ni nusu. Nusu ingine ni mtu.

Ujerumani wanajua hii kitambo. Kijana anayesomea ufundi hugawa wiki yake: siku kadhaa kazini, siku moja ama mbili darasani. Na si lazima twende mbali. Pale Kamukunji, hakuna fundi anakupea nyundo na cheti siku moja. Unakaa kando yake, unaangalia, unagonga, unakosea, anakurekebisha.

Basi kampuni zichanganye. Asubuhi video za sheria na mitambo. Mchana keti na mkongwe, sikiliza simu zake. Kisha pokea zako yeye akiwa kando. Baada ya wiki mbili, rudia palipokulemea, kwa sababu kichwa husahau haraka. Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuandika hivyo tangu 1885.

Na msituambie ni gharama. Waajiri Kenya hulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na wanaweza kuomba kurudishiwa pesa za mafunzo yaliyoidhinishwa. Njia iko.

Kabla umfute mtu kwa kutojua kazi, jiulize: kuna mtu alimfunza, ama alionyeshwa skrini tu?

Wewe je, kazi yako ulifunzwa na nani?